Familia Gani? Usawiri wa Jamii Katika Filamu za Ivan Tors: Tahakiki ya Mtazamaji wa Ukambani

Mwalimu mwenzangu, huenda ukashangaa kuona jina la Mhungaria aliyefanyia kazi Marekani likiingizwa katika kurasa zilizozoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi yetu. Nina sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wa Kitui na Makueni, tupende tusipende, wametazama hadithi nyingi kuliko walizosoma. Anayefika sekondari akiwa amemaliza vitabu vitano vya hadithi huwa ametazama filamu mia. Iwapo tunawafundisha kuchambua msuko, wahusika na mandhari katika kitabu, halafu tunawaacha wayameze ya skrini bila kutafuna, basi kazi yetu ni nusu. Sababu ya pili ni ya lugha. Mtu huyu alilichukua neno daktari, akalifanya kuwa jina la mfululizo wa televisheni, na katika miaka ya 1960 likasikika katika sebule za Marekani, Uingereza na Ujerumani miongoni mwa watu wasiojua neno jingine hata moja la Kiswahili. Neno likisafiri umbali huo, mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kuuliza lilikwenda kufanya nini.

Ivan Tors alizaliwa Budapest mwaka wa 1916. Akiwa kijana aliandika tamthilia kwao, kisha akahamia Marekani muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Pili na kutumikia jeshi la nchi hiyo. Baada ya vita aliandika miswada ya filamu katika kampuni ya MGM. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa mtayarishaji, na hapo hakuanza na wanyama hata kidogo. Alianza na sayansi: *The Magnetic Monster* ya 1953, kisha *Riders to the Stars* na *Gog* za 1954, na mfululizo wa *Science Fiction Theatre* uliopeperushwa kati ya 1955 na 1957. Baadaye alizamia baharini, kwa maana halisi ya neno, na *Sea Hunt* (1958 hadi 1961), hadithi za mpiga mbizi zilizofikia vipindi 155. Kutoka bahari ya wapiga mbizi hadi bahari ya pomboo ilikuwa hatua fupi. Mwaka wa 1963 ikatoka filamu ya *Flipper*, na mwaka uliofuata mfululizo wake wa televisheni. Hapo ndipo Tors alipopata riziki yake ya kudumu, yaani filamu ambayo baba, mama na watoto wangeketi pamoja kuitazama bila mzazi kulazimika kuwafumba watoto macho.

Sitaupitia urathi wake wote. Zipo kazi nyingine nyingi, nzuri na hafifu, hadi alipofariki mwaka wa 1983 huko Mato Grosso, Brazil, alikokwenda kutafuta mandhari ya kazi nyingine. Nitashika kazi chache zinazotuhusu: *Clarence, the Cross-Eyed Lion* (1965), mfululizo wa *Daktari* uliozaliwa kutokana nayo (1966 hadi 1969, vipindi 89), filamu ya *Africa Texas Style* (1967) iliyopigwa papa hapa Kenya, na mfululizo wa *Cowboy in Africa* (1967 hadi 1968).

Tuanze na msuko, kwa kuwa ndio unaoeleza mengine. Ukizipanga kazi za Tors pamoja utaona kiunzi kimoja kikijirudia. Kuna baba. Huyu baba ana kazi ya kulinda kitu: hifadhi ya bahari, kituo cha wanyama, shamba la wanyamapori. Kuna mtoto au watoto. Mara nyingi mama hayupo. Katika *Flipper* ya televisheni, Porter Ricks ni mjane mwenye wavulana wawili, Sandy na Bud. Katika *Daktari*, Dkt. Marsh Tracy yupo na binti yake Paula. (*Gentle Ben*, ile ya dubu, ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani, na kwa hiyo tusiseme daima.) Nafasi ya mama imejazwa na mnyama. Pomboo ndiye anayejua mtoto amepotelea wapi; simba ndiye anayelala mlangoni. Mnyama hazungumzi, hakaripii, hadai karo, na hupenda bila masharti. Hiki ndicho kiini cha mvuto wa Tors. Sioni aibu kukiri kwamba kina nguvu. Simba Clarence ana makengeza, huona vitu viwiviwili, hawezi kuwinda, na kwa hivyo analetwa kituoni akae na watu. Ni wazo sahili lenye ucheshi na huruma kwa pamoja. Mtunzi wa hekaya zetu angeweza kulibuni: simba aliyenyimwa kile kinachomfanya simba.

Aidha, Tors alikuwa na msimamo uliokuwa adimu wakati wake. Filamu za Afrika zilizomtangulia zilikuwa za bunduki. Mzungu anashuka, anapiga, anasimama na kiatu juu ya mzoga. Tors aliipindua kanuni hiyo akamfanya shujaa wake kuwa tabibu wa mnyama. Alishirikiana na Ralph Helfer, mfunzaji aliyeshikilia kwamba mnyama afunzwe kwa upendo wala si kwa mjeledi, na katika kituo cha Helfer kilichoitwa Africa USA, bondeni kaskazini mwa Los Angeles, ndiko *Daktari* ilikopigwa. Mfano hai wa mhusika mkuu alikuwa Antonie Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Mashariki na kuwa miongoni mwa waliokuza mbinu ya kumlaza mnyama mkubwa kwa kumlenga na sindano ya dawa kutoka mbali. Kwa hiyo shina la hadithi ni la kweli, na ni la kwetu. Matawi ndiyo yaliyomea California.

Sasa tuingie katika lugha. Jina la kituo ambamo matukio ya *Daktari* yanatendeka ni Wameru, yaani Kituo cha Wameru cha Uchunguzi wa Tabia za Wanyama. Msomaji wa Kiingereza au Kijerumani husikia jina tamu lenye mdundo wa Kiafrika. Msomaji wa Kiswahili husikia nini? Husikia kiambishi wa- cha ngeli ya kwanza, ngeli ya watu. Wameru ni jamii, tena mbili: moja iko mashariki ya Mlima Kenya na nyingine kwenye miteremko ya Mlima Meru, Tanzania. Jina la watu wenye ukoo, mashamba na lugha limebandikwa juu ya kituo cha kuchunguza tabia za wanyama. Sidhani kwamba kulikuwa na nia mbaya. Nadhani kuna jambo lililo baya kuliko nia mbaya, nalo ni kutofikiria kwamba mwenye lugha atakuja siku moja kuketi mbele ya skrini. Kila uteuzi wa lugha una hadhira yake inayodhaniwa, na hapa hadhira inayodhaniwa haimo kabisa miongoni mwa wanaozungumza lugha iliyoazimwa. Ukihitaji mfano wa kufundishia dhana ya hadhira lengwa katika kidato cha tatu, huu ni bora kuliko mingi iliyomo vitabuni.

Hata neno daktari lenyewe lina kinaya chake. Sisi tulilipata kwa mkopo; asili yake ni huko huko kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Tulilipa vokali ya kumalizia, tukalitia katika sarufi yetu, na katika vijiji vya Ukambani likaendelea kugeuka hadi likawa ndakitali. Tors akalichukua kama kitu kigeni cha kuvutia na kulirudisha lilikotoka, kama mtu anayemwuzia mwenye duka sukari yake mwenyewe katika karatasi mpya. Baada ya *Daktari* kukamilika alitoa kipindi kingine cha watoto na wanyama kilichoitwa *Jambo* (1969 hadi 1971). Hapa tena mwalimu wa sarufi hatanyamaza, maana jambo peke yake ni nomino, na maamkizi yetu hutaka kiambishi cha nafsi na kikanushi: hujambo, sijambo, hatujambo. Neno lililonyolewa viambishi ndilo analolijua mtalii hadi leo, na hoteli zetu zimekubali kulitumia kumridhisha. Si Tors aliyeanzisha mtindo huo, lakini aliupa idhaa.

Katika kuhakiki wahusika, haki inatutaka tuanze na Mike Makula. Huyu ni msaidizi wa Dkt. Tracy, Mwafrika msomi, mtulivu, anayejua kazi yake. Aliigizwa na Hari Rhodes, Mmarekani mweusi ambaye pia alikuwa mwandishi wa riwaya. Tukumbuke ilikuwa mwaka wa 1966, na katika televisheni ya Marekani ya wakati huo mtu mweusi aliyevaa mavazi nadhifu, akasema maneno ya maana na kuheshimiwa na wenzake hakuwa jambo la kila jioni. Wahakiki wanaomfagilia Tors mbali kwa neno moja tu, ukoloni, hawamtendei haki Makula wala Rhodes. Lakini Makula ana mke? Ana mama mzee anayemtumia salamu? Shambani kwao mvua imenyesha? Yeye ni mhusika bila kwao. Kila mhusika mwingine mkuu ana mtu wake, hata sokwe Judy na simba Clarence wana uhusiano wao wa kirafiki uliojengwa kwa makini kipindi baada ya kipindi. Mwafrika pekee mwenye sifa nzuri ndiye asiye na familia katika filamu ya familia.

Kuna pia Hedley, afisa wa wilaya, Mwingereza. Hebu tupige hesabu. Tanganyika ilijitawala mwaka wa 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963. Mfululizo ulianza kupeperushwa Januari 1966. Katika Afrika Mashariki halisi, mkuu wa wilaya alikuwa ameshakuwa Mwafrika aliyekaa chini ya picha ya rais Mwafrika. Katika Afrika Mashariki ya California, saa ilikuwa imesimama. Baadhi ya wenzangu watasema kwamba hii ni sanaa tu, ya nini kuidai kalenda. Nakubali kwamba sanaa haidaiwi kalenda pale inapojitangaza kuwa hekaya. Hadithi za Sungura na Fisi hazina mwaka. Lakini *Daktari* haikujitangaza hivyo; ilijivika vazi la uhalisia, ikatumia sayansi ya kweli na jina la taaluma ya kweli, na mtoto wa Ulaya aliyeitazama alidhani ameona nchi.

Nafika sasa mahali panaponigusa kuliko pengine pote. Katika hadithi za aina hii adui anajulikana kabla hajatokea. Ni jangili. Anakuja usiku, ana mtego au bunduki, anataka ngozi au pembe, naye hana jina au ana jina la kusahaulika. Mhusika bapa kabisa. Mimi nafundisha upande wa kusini wa Kitui, ambako ukisema jangili darasani kuna mwanafunzi atakayeinamisha kichwa. Babu zetu walikuwa wawindaji na wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliojulikana hadi pwani. Kivoi, yule mkuu aliyempokea mmisionari Krapf, aliongoza misafara ya pembe hadi Mombasa, na ni kutoka Kitui ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Aliyezinunua pembe hizo aliitwa tajiri, na aliyezipiga kinanda huko ng'ambo aliitwa mstaarabu. Mwaka wa 1948 ilipoundwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, mstari ulichorwa, na aliyevuka na upinde wake akawa mhalifu. Katika kampeni kubwa ya 1956 na 1957 dhidi ya uwindaji haramu huko Tsavo, waliokamatwa wengi walikuwa Wawaata, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, na Wakamba. Walifungwa. Wengine walirudi nyumbani, wengine waliajiriwa baadaye na hao hao waliowakamata, kwa maana hakuna aliyejua nyayo kuwashinda.

Sisemi kwamba ndovu wangeachwa waishe. Mauaji ya ndovu yalikuwa na bado ni msiba, na biashara hiyo imewatajirisha watu wasiowahi kukanyaga mwiba wa Ikutha. Ninachodai ni cha kifasihi. Mhusika mwenye historia ya miaka mia moja nyuma yake amepunguzwa hadi kivuli chenye mtego ili shujaa apate wa kumshinda katika dakika hamsini. Riwaya ingemwuliza jangili swali moja: nyumbani kwako wamekula nini jana? Filamu ya Tors haiulizi, kwa sababu jibu lingemleta mke wake, watoto wake na boma lake ndani ya fremu, na hapo ingelazimika kukiri kwamba kuna familia mbili katika hadithi.

Nilijaribu kuuona ukweli wa hoja hii darasani. Niliwaonyesha wanafunzi wa chama cha uigizaji sehemu ya *Clarence* kwa kompyuta yangu na projekta tuliyoazima. Walicheka mahali pa kucheka. Makengeza ya simba yaliwamaliza mbavu. Kisha tukazungumza. Mvulana mmoja wa karibu na Mutha akauliza, "Mwalimu, huyo simba hula mbuzi wa nani?" Darasa lilicheka tena, lakini yeye hakucheka. Msichana mwingine akataka kujua kijiji kiko upande gani wa kituo, na kwa nini hakuna mtu anayepita na ng'ombe au mtungi wa maji. Sikuwa nimewapa swali lolote la mwongozo. Hao ni watoto wanaojua kwamba ndovu akivuka kutoka mbugani usiku mmoja hula mahindi ya msimu mzima, iwe ni Mutomo au ng'ambo ya mto huko Kibwezi na Mtito Andei upande wa Makueni. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyelemazwa daima, na malalamiko juu ya kuchelewa kwa malipo yamekuwa wimbo wa kila baraza. Mtoto anayeishi katika hali hiyo hawezi kumtazama Clarence kwa macho ya mtoto wa Chicago. Ana makengeza yake mwenyewe: anaona simba wawili, yule wa skrini na yule wa zizini.

*Africa Texas Style* ni kazi yenye thamani zaidi kwetu, ingawa kama filamu ina mapengo. Iliongozwa na Andrew Marton, Mhungaria mwenzake Tors, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi Afrika Mashariki katika *King Solomon's Mines* ya 1950. Wing Commander Hayes, mzungu mwenye shamba, anaigizwa na John Mills. Anawaleta wachunga ng'ombe wawili kutoka Texas, Jim Sinclair (Hugh O'Brian) na John Henry (Tom Nardini), wawanase wanyamapori kwa kamba ya kitanzi wakiwa juu ya farasi, ili wafugwe badala ya kuuawa. Wazo la kufuga wanyamapori kama mifugo halikuwa njozi ya filamu tu. Lilijadiliwa kwa dhati na wataalamu wa wakati huo, na baadaye David Hopcraft akalitekeleza katika nyanda za Athi, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Ukambani. Adui safari hii si jangili mweusi bali ni mfugaji mzungu, Bekker, anayewachukia wanyama kwa kuwa wanashindana na ng'ombe wake. Hapa Tors anastahili sifa. Mgogoro ni wa ardhi na malisho, mgogoro wa kweli wa Kenya. Tatizo ni kwamba unagombaniwa na wazungu wawili na kuamuliwa na Wamarekani wawili, huku wenye nchi wakishika hatamu za farasi.

Hata hivyo, nyanda ni nyanda zetu. Vumbi ni la kweli, mwanga wa alasiri ni ule tunaoujua, na miguno ya wanyama haikutengenezwa studioni. Linganisha na *Daktari*, ambamo miti ni ya California na mmoja wa nyota wa kituo alikuwa Modoc, ndovu wa Asia, ambaye mtoto yeyote wa Tsavo angemtambua kwa udogo wa masikio yake. Mandhari katika fasihi si pazia la nyuma. Ikiwa mandhari inaweza kubadilishwa na hadithi isihisi, basi hadithi haikuwa ya mahali hapo tangu mwanzo. *Africa Texas Style* inahisi pale mandhari yanapobadilika, na pale ambapo msuko wake umelegea, ardhi inaubeba.

Jambo lililonifanya niandike makala haya ni majina. Filamu hiyo ina mvulana Mwafrika aitwaye Sampson, na aliyemwigiza ni Charles Malinda. Katika orodha ya waigizaji yumo pia Stephen Kikumu. Ukiwa mtu wa Mwingi au wa Wote, majina hayo hayakupiti bila kukugeuza shingo. Yanasikika kama orodha ya mahudhurio ya darasa langu la asubuhi. Mvulana huyu si mzoefu, na katika matukio mengine utamwona akingojea kuambiwa la kufanya, lakini ana uso ambao kamera inaupenda, na anazungumza kama mtoto anayezungumza, si kama mtoto anayeigiza. Kupitia kwake filamu inakaribia sana kuwa na familia ya pili.

Mwaka huo huo filamu ikageuzwa kuwa mfululizo, *Cowboy in Africa*, vipindi 26 vya kampuni ya ABC. Chuck Connors akachukua nafasi ya Sinclair. Nardini akabaki John Henry. Samson akabaki pia, safari hii bila herufi ile ya p, yatima aliyeshikamana na wachunga ng'ombe. Lakini Malinda hakubaki. Samson mpya aliigizwa na Gerald Edwards, mtoto wa Kimarekani. Sababu za kiuchumi ni wazi: kipindi cha kila wiki kingepigwa karibu na studio, na kumhamisha mtoto wa Kenya kungegharimu. Naelewa. Nardini, hata hivyo, alihamishwa pamoja na hadithi. Mtoto ndiye aliyeonekana kuwa anaweza kubadilishwa, kama ile miti.

Na hapa pana jambo ambalo lingekuwa sehemu bora ya riwaya. Tors na mkewe, mwigizaji Constance Dowling, walikuwa na wana watatu wa kuzaa na mwana mmoja wa kulea, naye alitoka Kenya. Yaani mtu huyu, ambaye katika kazi zake hakupata nafasi ya kumketisha mtoto Mkenya mezani na wazazi wake, alikuwa na mtoto Mkenya mezani kwake. Sijaribu kuingia nyumba ya watu. Yaliyo ya ndani ni yao. Lakini mhakiki anaruhusiwa kuona kwamba maisha ya mtunzi yalikuwa na hadithi tajiri kuliko aliyoithubutu skrini. Mtoto anatoka jamii moja anaingia nyingine, anabeba lugha mbili, ana mama wawili katika kumbukumbu: hiyo ndiyo filamu ya familia aliyokuwa nayo na hakuitengeneza. Linganisha na Assumpta Matei katika *Chozi la Heri*. Umu, Dick na Mwaliko wanatawanywa na maisha, na Umu anapangwa na Mwangeka na Apondi. Matei hamfanyi Umu kuwa mapambo ya wema wa waliomchukua. Anatuonyesha anachopoteza na anachokumbuka, na anawarudisha ndugu zake katika njia yake. Samson wa Tors hana cha kukumbuka. Yatima wa aina hiyo ni rahisi kupendwa, kwa sababu hakuna wa kumdai.

Tusiache pia kutaja kwamba wanyama wenyewe hawakufaidika daima na upendo huu. Ric O'Barry, aliyewafunza pomboo wa *Flipper*, aligeuka baada ya mmoja wao kufa mwaka wa 1970 na tangu hapo akapigana na biashara ya kuwafuga pomboo kwa maonyesho. Sio kosa la Tors peke yake kwamba kila mji ulitaka Flipper wake. Ila hadithi inayosema mnyama wa mwituni ni mwanafamilia huzaa watu wanaotaka mnyama wa mwituni nyumbani. Tors mwenyewe aliyaita maisha yake, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1979, *My Life in the Wild*, na ukiondoa fahari ya mtu wa sinema utakuta humo mtu aliyewapenda viumbe hawa kwa dhati.

Je, filamu ya familia yenye familia yetu ipo? Ipo, na ukitaka kuilinganisha na Tors chukua *Supa Modo* ya 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa kwanza katika tamasha la Berlin. Jo ni msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anapenda mashujaa wa sinema. Mama anamrudisha nyumbani. Dada yake, Mwix, anakishawishi kijiji kizima kimsadikishe kwamba ana nguvu za ajabu, hadi wanakijiji wanaamua kutengeneza filamu naye. Hakuna simba. Hakuna kituo. Kuna mama mkunga, dada mkaidi, mwenye kuonyesha filamu, wacheza kandanda wa mtaa na mwizi. Kila mtu aliyekosekana katika *Daktari* yumo humu. Nayo ina udhaifu wake. Robo ya katikati inazungukazunguka, na wanakijiji kadhaa ni wachekeshaji tu. Lakini mama anapokataa, kisha anapokubali, unaona uso wa mtu mwenye jambo la kupoteza. Kizuri zaidi, filamu hiyo imewaweka Waafrika mbele na nyuma ya kamera ndani ya hadithi yenyewe, kwa hivyo swali la nani anamtazama nani halifichiki.

Kwa mwalimu atakayependa kulijaribu hili, nashauri usianze na nadharia. Waonyeshe wanafunzi dakika ishirini za *Africa Texas Style* na dakika ishirini za *Supa Modo*. Waambie wahesabu mama. Kisha wahesabu wanaoitwa kwa majina yao kamili, na wanaokula chakula ndani ya fremu. Kikundi changu kilipofanya hivyo, ubao ulijaa tarakimu kabla sijafafanua istilahi yoyote, na neno usawiri lilipokuja halikuhitaji tafsiri. Mvulana yule wa Mutha aliandika mwanzo wa mswada wake mwenyewe, kurasa tatu. Sampson ndiye mhusika mkuu, ana umri wa miaka sabini hivi, anaketi chini ya mwembe nje ya duka la soko huko Ikutha. Gari la watalii linasimama, na kijana wa kizungu anamwuliza njia ya kwenda mbugani.

"Nenda moja kwa moja," mzee anamjibu, "ila mwenye shamba la hapo mbele umsalimie kwanza."